Mshtaki Asiye na Uso: Historia ya Dhima ya Mwenye Kushtaki, kutoka Mwavi wa Newala hadi Ofisi ya Mashtaka

1.0 Utangulizi

Swali linalojadiliwa katika mhadhara huu ni la kale: mtu akishtakiwa, akafungwa au akafilisika kwa sababu ya shtaka hilo, kisha ikabainika kwamba shtaka halikuwa na msingi, nani atamlipa? Wanasheria wa leo huliuliza kwa namna nyingine. Wao huuliza kama mwendesha mashtaka wa Serikali aliyetumia madaraka yake vibaya anaweza kudaiwa fidia katika mahakama ya madai, au kama analindwa na kinga ya kazi yake. Swali ni moja. Kilichobadilika ni jina la mwenye kushtaki.

Hapo ndipo mtaalamu wa lugha anapopata nafasi ya kusema. Historia ya dhima ya mshtaki ni historia ya sheria, lakini vilevile ni historia ya maneno, kwa kuwa mtu hawezi kudaiwa na yeyote mpaka atajwe. Mhadhara huu unadai kwamba katika nchi ya Masasi na Newala mshtaki alikuwa na uso na aliwajibika kulipa aliposhindwa. Kwamba uwajibikaji huo uliondolewa pale mshtaki na hakimu walipokalishwa katika kiti kimoja. Na kwamba hata baada ya wawili hao kutenganishwa tena, uso wa mshtaki haukurudi. Ulifichwa nyuma ya Serikali, na Kiswahili cha mahakamani kikasaidia kuuficha.

2.0 Masasi, Newala na mwanzo wa taaluma ya lugha

Newala iko ukingoni mwa magharibi mwa uwanda wa juu wa Makonde, mahali ambapo nchi hukatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Masasi iko chini, magharibi ya uwanda huo, katikati ya vilima vya mawe. Wamakonde, Wayao na Wamakua wamekaa hapa kwa kuchanganyika, na Kiswahili kiliingia kwa njia ya misafara iliyopita kati ya ziwa Nyasa na bandari za Lindi na Mikindani.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, Masasi ina umuhimu wa pekee. Askofu Edward Steere, aliyechapisha mwaka 1870 kitabu cha mwongozo wa lugha ya Kiswahili kama ilivyosemwa Unguja, ndiye aliyeongoza mwaka 1876 kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja hadi Masasi, wakaanzisha kituo cha misheni ya UMCA. Steere alikuwa amekwisha kukusanya maneno ya Kiyao (1871), na mwaka huo wa 1876 akatoa mkusanyo wa Kimakonde. Chauncy Maples, aliyehudumu Masasi na baadaye Newala, alitoa mkusanyo wa Kimakua mwaka 1879. Miongo mingi baadaye, Lyndon Harries, ambaye jina lake linafahamika kwa utafiti wa ushairi wa Kiswahili, alianza kazi yake akiwa mmisionari katika nchi hiyohiyo.

Katika mikusanyo na kamusi za wakati huo, neno moja linastahili kuangaliwa: kiapo. Leo kiapo ni maneno ya kuapa. Katika Kiswahili cha karne ya 19, kiapo kilikuwa pia jaribio la kuthibitisha kosa: kula au kunywa kitu, au kushika chuma cha moto, ili ukweli ujitokeze. Neno lilibeba maana zote mbili kwa sababu katika fikra za wasemaji jambo lilikuwa moja. Aliyetamka neno zito juu ya mwenzake aliiweka nafsi yake rehani.

3.0 Mlandu na mwavi: mshtaki anayelipa

Pande zote mbili za Ruvuma na hadi nchi za ziwa Nyasa lilitumika neno mlandu, wingi wake milandu. Wareno wa Msumbiji walilichukua wakalifanya milando. Katika Kichewa, neno hilo hutaja shauri lenyewe na pia hatia inayotokana na shauri. Mlandu haukuwa jambo la mtu mmoja. Kwa kuwa Wamakonde, Wayao na Wamakua hufuata ukoo wa mama, aliyesimama mbele ya wazee kumtetea kijana alikuwa mjomba wake, na aliyelipa au kulipwa alikuwa ukoo. Kwa Wamakonde, ambao hawakuwa na mtawala mmoja wa nchi nzima, mkulungwa wa kila makazi ndiye aliyeketi na wenzake kusikiliza.

Shtaka zito kuliko yote lilikuwa uchawi, na dawa yake ilikuwa mwavi. Gome la mti liliponwa, likachanganywa na maji, mshtakiwa akanywa. Akitapika, alihesabiwa hana hatia. Asipotapika alikufa, na kifo kikawa hukumu. Maelezo ya karne ya 19 kutoka nchi za Wayao na majirani zao yanakubaliana katika jambo ambalo mara nyingi husahauliwa na wanaosimulia habari za mwavi. Mshtakiwa akitapika, shauri halikwishia hapo. Liligeuka. Sasa aliyeshtaki ndiye aliyedaiwa, na ukoo wake ulitakiwa kumlipa fidia mtu aliyechafuliwa jina na kukaribishwa na mauti.

Isidhaniwe kwamba hapa inasifiwa sumu. Mwavi uliua watu wengi wasio na kosa lolote, na hakuna hoja inayoweza kuutakasa. Fidia yenyewe ilikuwa na sura mbaya. Katika karne ya biashara ya watumwa, ukoo uliokosa mali ulitoa mtu: mpwa, au binti, akawekwa rehani kwa ukoo mwingine. Hivyo kosa la mzee aliyeshtaki ovyo liliweza kulipwa na msichana ambaye hakusema neno.

Mambo mawili basi yanapatikana katika desturi hiyo, na yote mawili yatahitajika mbele. La kwanza ni kanuni: anayeshtaki hujiweka katika hatari sawa na anayeshtakiwa, na kwa hiyo hupima neno lake kabla ya kulitoa. La pili ni onyo: deni la mshtaki likiwa zito kuliko uwezo wake, hulipwa na aliye dhaifu kuliko yeye.

4.0 Mshtaki na hakimu katika kiti kimoja

Mabadiliko ya kwanza yalikuja na vituo vya misheni, kabla ya Wajerumani kufika. Kijiji cha watu waliokombolewa kilihitaji utaratibu, na padri akajikuta ni mwalimu, mganga na mkuu wa kijiji kwa wakati mmoja. Hatari ya hali hiyo ilionekana Blantyre, katika Malawi ya leo, kwenye misheni ya Kanisa la Scotland. Mwaka 1879 wamisionari wa huko walimhukumu mtu kwa mauaji na kumuua, na watu wengine walichapwa kwa makosa ambayo hayakuthibitishwa vyema. Habari zilipochapishwa Uingereza mwaka 1880 ziliamsha hasira, na mwaka 1881 kiongozi wa kituo, Duff Macdonald, akaondolewa kazini. Hapo palikuwa na uwajibikaji wa aina fulani, lakini ulikuwa uwajibikaji kwa mwajiri aliyeko mbali. Ulikuwa jambo jingine kabisa na kumjibu aliyeumizwa.

Utawala wa Wajerumani ulifanya hali hiyo kuwa mfumo wa nchi nzima. Amri ya Kansela wa Ujerumani ya Aprili 1896 iliyohusu adhabu kwa wenyeji ilimpa ofisa wa wilaya mamlaka ya kusikiliza na kuadhibu. Chini yake alikaa akida, na chini ya akida jumbe. Tangu mwaka 1898 kulikuwa na kodi ya nyumba. Aliyetafuta kodi ndiye aliyemtaja asiyelipa, na mara nyingi ndiye aliyesikiliza utetezi wake. Kikao hicho kiliitwa shauri, neno ambalo Wajerumani walilichukua likawa Schauri katika maandishi yao. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni kutaka rai ya mwingine. Katika uwanja wa boma maana hiyo ilipinduka: aliyeletwa kwenye shauri hakuombwa rai yake, aliletwa kusikia ameamuliwa nini.

Kumbukumbu ya watu imehifadhi neno jingine la enzi hiyo: hamsa ishirini, yaani viboko 25, idadi iliyokuwa kikomo cha mapigo katika adhabu moja. Ni neno la hesabu tu. Halisemi nani alishtaki, kwa ushahidi gani, wala nani alihakikisha. Linataja matokeo peke yake, na huo ni ushahidi wa kiisimu wenye uzito kuhusu namna watu walivyoielewa haki ya boma.

Vita vya Majimaji vilipofika Masasi mnamo Agosti 1905, misheni ilihamwa na kuharibiwa. Baada ya vita, mashtaka na hukumu vilikwenda kwa kasi ya kijeshi. Huko Songea viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa Februari 27, 1906. Mwaka huohuo mtaalamu wa elimu ya makabila, Karl Weule, alipita Lindi, Masasi na Newala, akakutana na watawala wa Kiyao kama Matola na Nakaam. Nchi aliyoiona ilikuwa imekwisha kufundishwa somo jipya: mshtaki mwenye nguvu hadaiwi.

5.0 Mlalamikaji alipa, Serikali hailipi

Waingereza walirudisha mgawanyo wa kazi, angalau katika vitabu. Mwaka 1920 Tanganyika ilipata Mahakama Kuu, na sheria za India za jinai na mwenendo wa jinai zikatumika hadi zilipobadilishwa mwaka 1930. Katika mwenendo wa jinai wa India wa mwaka 1898 kulikuwa na kifungu ambacho mzee wa Newala angekitambua mara moja: hakimu akiona kwamba shtaka lililoletwa na mlalamikaji ni la upuuzi au la kusumbua tu, aliweza kumwamuru mlalamikaji huyo amlipe fidia mshtakiwa. Mshtaki wa kawaida alikuwa bado na uso.

Sheria ya uchawi ya mwaka 1928 ilikwenda mbali zaidi. Ilifanya kosa la jinai kumtaja mtu kuwa ni mchawi, isipokuwa kwa kupeleka habari kwa wenye mamlaka. Mwavi ulipigwa marufuku na mshtaki wa uchawi akageuzwa mshtakiwa. Hata hivyo, tofauti na desturi ya zamani ni kubwa. Faini iliyotozwa iliingia hazina ya Serikali. Mtu aliyesingiziwa hakupata kitu. Deni lililokuwa baina ya ukoo na ukoo sasa lilikuwa baina ya mkosaji na dola.

Na dola yenyewe je? Katika sheria ya Kiingereza mfalme hakuweza kushtakiwa kwa madhara yaliyofanywa na watumishi wake mpaka Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya mwaka 1947. Katika makoloni kanuni hiyo ilimaanisha kwamba karani, askari au liwali aliyemshtaki mtu kwa chuki alikuwa amesimama chini ya mwavuli mpana. Sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929 iliziweka mahakama hizo chini ya maofisa wa utawala, mbali na Mahakama Kuu, na mawakili hawakuruhusiwa humo. Mkulima wa Newala aliyeonewa katika baraza alikata rufaa kwa ofisa ambaye ndiye aliyelisimamia baraza hilo.

Kwa hiyo kipindi hiki kiliacha urithi wa nyuso mbili. Raia akimshtaki raia mwenzake kwa hila, hulipa. Serikali ikimshtaki raia kwa hila, hailipi.

6.0 Jamhuri na ridhaa yake mwenyewe

Baada ya uhuru, mahakama ziliunganishwa kuwa mfumo mmoja kwa sheria ya mwaka 1963, na hilo lilikuwa jambo la heshima kubwa: mtu wa Masasi na mtu wa Dar es Salaam walipata ngazi moja ya rufaa. Mwaka 1967 ilitungwa sheria ya mashauri dhidi ya Serikali, ikifuata mfano wa ile ya Uingereza ya 1947. Serikali ilikubali kudaiwa kwa makosa ya watumishi wake. Lakini mlango uliofunguliwa uliwekewa komeo. Aliyetaka kuidai Serikali alihitaji kwanza ridhaa ya Serikali hiyohiyo, na utaratibu wa ridhaa uliimarishwa kwa marekebisho ya mwaka 1974. Mdaiwa aliulizwa kama angependa kudaiwa.

Wakati huohuo, Mahakama Kuu iliendelea kuitumia kanuni ya mashtaka ya hila baina ya raia. Katika uamuzi wa mwaka 1983 unaotajwa mara nyingi, masharti matano yalielezwa: kwamba mdaiwa ndiye aliyeanzisha shtaka, kwamba shtaka liliisha kwa manufaa ya aliyeshtakiwa, kwamba halikuwa na sababu ya kuridhisha, kwamba lilichochewa na nia mbaya, na kwamba lilileta hasara. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la mwaka 1972 lililotoka Uganda, ilikuwa imeeleza mambo yanayofanana na hayo. Mengi ya masharti hayo yangeeleweka bila mkalimani katika baraza la mkulungwa.

Komeo la ridhaa lilivunjwa mwaka 1993. Katika shauri la Kukutia Ole Pumbun na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba sharti la ridhaa linapingana na Katiba, kwa kuwa linamnyima mtu haki ya kusikilizwa na mahakama. Bunge lilibadili sheria mwaka 1994, na badala ya ridhaa ikawekwa taarifa ya siku 90. Tangu hapo raia hupiga hodi, na baada ya siku 90 huingia.

Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yaliingiza ibara ya 59B inayomhusu Mkurugenzi wa Mashtaka. Ibara hiyo inampa uhuru wa kutoingiliwa, na papo hapo inamtaka azingatie nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Mwaka 2008 ikaundwa kwa sheria ofisi ya taifa ya mashtaka, na kazi ambayo kwa miaka mingi ilifanywa na askari polisi katika mahakama za wilaya ikaanza kukabidhiwa wanasheria.

Uzito wa madaraka hayo si wa kubuni. Masheikh wa kundi la Uamsho kutoka Zanzibar walikaa rumande miaka mingi kwa mashtaka ya ugaidi, kisha Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka akayaondoa. Machi 2022 aliondoa pia mashtaka ya ugaidi dhidi ya Freeman Mbowe, kiongozi wa chama cha upinzani, aliyekuwa mahabusu tangu Julai 2021. Kuondolewa kwa mashtaka hakuthibitishi kwamba yaliletwa kwa hila, na hapa hakuna hukumu inayotolewa juu ya mashauri hayo. Yanatajwa kwa sababu moja. Neno moja la ofisi hiyo hufunga mlango, na neno moja huufungua, na kati ya maneno hayo mawili kuna miezi au miaka ya uhai wa mtu. Kwa watu wasio na majina makubwa, walioko rumande za mikoani, miaka hiyo hupita bila gazeti kuandika. Haikuwa ajabu kwamba mwaka 2023 tume ya Rais ya haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilipewa kazi ya kuuchunguza mfumo mzima.

7.0 Mwendesha mashtaka katika sarufi ya Kiswahili

Inafaa sasa kulitazama jina lenyewe. Kitenzi shtaki kina asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kulalamika, kutoa dukuduku. Mshtaki, kwa hiyo, ni mtu mwenye maumivu yake. Lakini ofisa wa Serikali haitwi mshtaki. Anaitwa mwendesha mashtaka. Kiambishi cha kauli ya kutendesha kilichomo katika endesha kinaeleza kwamba kuna kitu kingine kinachokwenda, naye anakifanya kiende. Anaendesha mashtaka kama mwingine anavyoendesha mkutano, mashine au gari. Mashtaka si yake. Mwenyewe ni Jamhuri, na ndiyo maana hati husomeka kuwa Jamhuri dhidi ya fulani.

Kiswahili kina msamiati mpana wa shtaka la uongo: singizia, zulia, chongea, pakazia. Vitenzi hivi vyote hutaka kiima chenye nafsi na nia. Juma amemsingizia Hassani. Jirani amemzulia mwenzake. Tungo isemayo kwamba Jamhuri imemsingizia Hassani ni sahihi kisarufi, lakini sikio linaikataa. Jamhuri haina husuda, haina ugomvi wa shamba, haina cheo inachokitafuta. Anayeweza kuwa na hayo ni mtu, na mtu huyo hatajwi katika hati. Hivyo lugha imegawa kosa katika sehemu mbili zisizokutana: nia mbaya iko kwa mtu asiye mshtaki, na ushtaki uko kwa chombo kisicho na nia.

Neno dai nalo lina fundisho. Mashauri ya fidia huitwa kesi za madai, na katika mazungumzo ya kila siku anayesema "nakudai" anamaanisha kwamba mwenzake ana deni. Msemaji wa Kiswahili anapouliza kama mwendesha mashtaka anaweza kudaiwa, anauliza, kwa maneno yayo hayo, kama ana deni kwa mtu aliyemwumiza. Swali la kitaalamu na swali la kimaadili yanatamkwa kwa kitenzi kimoja.

8.0 Hoja za kinga

Wanaotetea kinga ya waendesha mashtaka wana hoja nzito. Mahakama ya juu ya Marekani ilizieleza mwaka 1976 katika shauri la Imbler na Pachtman. Imbler alikuwa amehukumiwa kifo kwa mauaji, akaachiliwa baada ya miaka mingi, na akamdai fidia mwendesha mashtaka kwa kutumia ushahidi wa uongo. Mahakama ilisema kwamba mwendesha mashtaka ana kinga kamili kwa yale anayoyafanya katika kuanzisha na kuliendesha shauri, kwa sababu hofu ya kudaiwa ingempotosha. Angeogopa kuwashtaki wenye fedha za kuajiri mawakili, na angetumia siku zake kujibu madai ya kila aliyeachiwa huru. Kwa watovu wa nidhamu, ilisemwa, kuna sheria ya jinai na adhabu za chama cha taaluma.

Mahakama ya juu ya Kanada iliona tofauti mwaka 1989. Susan Nelles, muuguzi wa Toronto, alishtakiwa mwaka 1981 kwa kuwaua watoto wachanga wanne hospitalini, na mwaka uliofuata mahakama ikaona hakuna ushahidi wa kumpeleka mbele. Katika shauri lake la fidia, mahakama ilikataa kinga kamili. Ilisema kwamba masharti ya mashtaka ya hila, hasa kuthibitisha nia mbaya, tayari ni magumu kiasi cha kumlinda mtumishi mwaminifu. Kosa la kupima vibaya ushahidi si hila. Anayelindwa na kinga kamili zaidi ya hapo ni yule tu aliyeshtaki akijua anadanganya.

Hoja ya Marekani inalingana na onyo lililopatikana katika desturi ya mwavi: deni zito likiwekwa juu ya mtu mmoja huleta madhara mapya. Mwanasheria kijana wa Serikali aliyepangwa Masasi hawezi kuilipa miaka minne ya maisha ya mtu kwa mshahara wake, na akiogopa deni hilo atawashtaki wanyonge tu. Hoja ya Kanada inalingana na kanuni ya desturi ileile: asiye na cha kupoteza hapimi neno lake. Zote mbili ni kweli, na jibu linalofaa Tanzania sharti lizichukue zote mbili.

Jina la mwendesha mashtaka linaonyesha njia. Kama yeye ni dereva wa mashtaka, basi sheria ya barabarani inajulikana hata vijijini. Gari likimgonga mtu kwa uzembe, tajiri mwenye gari hulipa, na dereva aliyekuwa mlevi hajifichi nyuma ya tajiri wake. Hakuna anayesema kwamba kwa kuwa madereva wana kazi ngumu, wagongwao wasilipwe.

9.0 Hitimisho

Kutokana na historia hii yanatokea mapendekezo matatu. Kwanza, aliyeumizwa na shtaka la hila alipwe na Serikali, bila kulazimika kusubiri mtumishi apatikane na mali. Ibara ya 107A ya Katiba tayari inaitaka mahakama itoe fidia ipasavyo kwa wanaoathirika kutokana na makosa ya wengine, kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Kinachotakiwa ni kuisoma kanuni hiyo kuwa inaihusu pia dola inaposhtaki. Pili, pale mahakama inapothibitisha nia mbaya, na si kosa la kupima tu, Serikali iwe na wajibu wa kumdai mtumishi huyo sehemu ya fidia kwa kadiri ya uwezo wake. Hivyo kanuni ya zamani itarudi bila ya sumu yake, wala hapatakuwa na mpwa wa kuwekwa rehani. Tatu, jina la ofisa aliyeamua kushtaki, pamoja na sababu zake kwa ufupi, liwekwe katika jalada ambalo mshtakiwa aliyeachiwa huru anaweza kuliona.

Pendekezo la tatu linaonekana dogo, lakini mengine mawili yanalitegemea. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Ni ushindi ambao wapenzi wa Kiswahili waliutafuta kwa vizazi. Hata hivyo lugha inayoeleweka na wote inaweza bado kuficha, iwapo tungo zake hazina mtenda. Wazee wa Newala walipokaa kusikiliza mlandu, swali la kwanza halikuwa sheria inasemaje. Waliuliza nani anasema, na ni nani mjomba wake. Wataalamu wa Kiswahili wanaotafsiri sheria za nchi leo wana nafasi ya kuhakikisha kwamba hata katika hati ya Jamhuri swali hilo lina jibu.